Karibu ya Lionel Loueke: namna ya kuisikiliza hadi ikuingie, kisha kuihamishia kwenye gita lako

Mwaka 2008 mpiga gita wa Benin, Lionel Loueke, alitoa albamu yake ya kwanza chini ya Blue Note, kampuni ya kurekodi muziki ya Marekani, akaipa jina la Kiswahili: Karibu. Lugha ya kwao ni Kifon. Masomo ya muziki aliyafuata Abidjan, Paris, Boston na Los Angeles. Lakini alipotafuta neno la kumfungulia msikilizaji mlango, alilichukua kwetu, na mwaka 2010 akarudia tena kwa albamu iitwayo Mwaliko. Kwa hiyo huniuma kila ninapokutana na kijana anayecharaza gita vizuri kabisa, hapa Tanga au kule Mombasa, ambaye hajaisikia albamu hii, au aliisikia dakika tano akaizima akisema huo ni muziki wa wasomi.

Nami niliizima mara ya kwanza. Nilikuwa nimeingia kwa mlango usio wangu: nilitafuta kodi, yaani zile sauti zinazopigwa kwa pamoja, na kodi za jazi zilinipita kama basi la usiku. Nilipoanza kusikiliza kwa miguu, mambo yakabadilika. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Unamfaa mwenye gita na asiye nalo. Asiye nalo ataruka hatua mbili za mwisho.

Kwanza tuliweke sawa neno jazi. Kwetu neno hili lilikuwa jina la bendi ya dansi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya hapa Tanga. Muziki wao ulikuwa rumba, twist na midundo ya nyumbani, gita la solo likijibizana na gita la rhythm. Jazi ya Loueke ina ukoo na ile ya Marekani: wimbo unapigwa, kisha wapigaji wanabuni papo hapo juu ya umbo lake, halafu wanaurudia. Alichoongeza yeye ni Afrika Magharibi, mdomoni na vidoleni. Ukija ukitarajia kiitikio cha kuchezea utavunjika moyo. Ukija ukitarajia mazungumzo, utakaa.

Hatua ya 1: Tafuta besi yako kabla ya kubonyeza kitufe

Usiisikilize kwa spika ya simu. Hili si suala la ubishoo. Uzi mnene wa gita hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, na uzi mnene wa besi mara 41. Spika ndogo ya simu haiwezi kusukuma hewa ya mitetemo mizito namna hiyo, kwa hiyo unabaki na wembamba wa juu tu, na besi ya Massimo Biolcati inapotea. Katika albamu hii ukipoteza besi umepoteza sakafu. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha. Redio kubwa ya sebuleni ni bora zaidi.

Ipate kwa njia halali, kwa diski au kwa huduma ya muziki ya kulipia, na uipakue nzima kabla ya kuanza ili bando lisikukate katikati. Ina nyimbo tisa. Usizisikilize zote siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Wajue waliomo chumbani

Watatu ndio kiini. Loueke yuko kwenye gita na sauti. Biolcati, aliyekulia Sweden na Italia, yuko kwenye besi kubwa ya kusimama. Ferenc Nemeth, Mhungari, yuko kwenye dramu. Walikutana Boston, chuo cha muziki cha Berklee, na walikuwa na kikundi chao kiitwacho Gilfema muda mrefu kabla ya Karibu. Jambo hili linasikika. Hawa si wapigaji wa kukodi waliosomewa nota asubuhi, wanamalizana sentensi.

Wageni ni wawili, na wote walikuwa tayari wazee wa kazi: Herbie Hancock kwenye piano na Wayne Shorter kwenye saksafoni. Walikuwa pamoja katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis miaka ya 1960. Mwaka 2001, Loueke alipofanya majaribio ya kuingia Taasisi ya Jazi ya Thelonious Monk kule Los Angeles, hao wawili walikuwa mezani wakisikiliza, pamoja na mpiga tarumbeta Terence Blanchard. Miaka saba baadaye wanampigia yeye.

Kuna jambo la Hancock ambalo Mswahili anapaswa kulijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliongoza bendi ambayo wanachama wake walichukua majina ya Kiswahili. Yeye alikuwa Mwandishi, na albamu yao ya 1971 ikaitwa hivyo hivyo. Mpiga besi Buster Williams alikuwa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye kweli alisomea udaktari, akawa Mganga. Kwa hiyo unapomsikia Hancock ndani ya Karibu, unamsikia mtu aliyewahi kubeba jina la lugha yako kwa miaka.

Na Loueke mwenyewe? Alianza na ngoma akiwa mtoto, gita akalishika akiwa na miaka kama 17. Nyuzi zilikuwa shida. Zikichafuka alizilowesha kwenye siki zipate kung'aa tena, na uzi ukikatika aliweka waya wa breki ya baiskeli, ambao ulimchubua vidole na kuitesa shingo ya gita. Wapiga gita wengi wa huku hawahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Baadaye rafiki alirudi kutoka Paris na muziki wa George Benson, mpiga gita wa Marekani, na hapo ndipo jazi ilipomshika.

Hatua ya 3: Fundisha miguu kabla ya masikio

Kabla ya wimbo hata mmoja, fanya zoezi hili. Kuna mpigo wa kengele ya chuma unaotawala ngoma nyingi kuanzia Ghana na Togo hadi Benin na Nigeria. Hesabu 1 hadi 12 mfululizo, polepole, bila kupumzika. Piga makofi kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Ukifika 12 unaunganisha moja kwa moja na 1, makofi mawili yakifuatana.

Ukishazoea, ongeza mguu: kanyaga kwenye 1, 4, 7 na 10. Utaona mguu unagawa safari katika vipande vinne vilivyo sawa, na mkono unakwenda njia yake. Vikishaungana, badilisha mguu: 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Makofi ni yaleyale, lakini utahisi kama ngoma nzima imegeuka upande mwingine. Aliyekua na chakacha ana faida hapa, maana mwili wake tayari unajua kuhesabu tatu na mbili kwa wakati mmoja. Kiuno kinakwenda huku, mguu unakwenda kule.

Sisemi kila wimbo wa Karibu umejengwa juu ya mpigo huu. Nasema mtu aliyekulia Cotonou akipiga ngoma anao mwilini, na anapochezea muda, anachezea kutoka hapo. Lipe zoezi hili siku tatu za robo saa. Usiliruke.

Hatua ya 4: Anza na wimbo unaobeba jina

Sasa weka Karibu, wimbo wenyewe. Sikiliza mara tatu, kila mara ukiwa na kazi moja tu.

Mara ya kwanza fuata mdomo wake. Loueke anaimba, na anatumia pia vidoko, zile sauti za kudatisha ulimi. Sisi tunavijua vidoko kwa Wasandawe na Wahadzabe, ambao kwao ni herufi za kawaida za lugha. Loueke anavitumia kama ngoma. Jaribu kutenganisha: sauti hii imetoka kwenye ulimi, au kwenye uzi? Mara nyingi utakosea, na kukosea huko ndiko alikokutaka.

Mara ya pili fuata besi peke yake, mwanzo hadi mwisho, hata kama gita linakuita. Mara ya tatu acha yote, fuata dramu, hasa zile sahani zake za shaba. Msikilize Nemeth anavyonyamaza. Mpiga dramu mzuri utamjua kwa yale anayoyaacha.

Hatua ya 5: Hesabu kumi na saba

Hapa ndipo wengi hutokea mlango wa nyuma. Wimbo wa Seven Teens una mapigo 17 katika kila mzunguko. Dansi letu lina 4. Taarabu ina mizunguko yake, lakini 17 ni namba inayomfanya mtu ahisi ngazi imekosa kidato.

Usihesabu kwa namba. Ukifika kumi na nne, kumi na tano, ulimi utakuwa mzito na mpigo umekuacha. Tumia maneno yenye silabi sawa na mapigo. Mimi hutumia haya:

ka-ri-bu-ni, ka-ri-bu-ni, ka-ri-bu-ni, tu-ta-o-na-na.

Nne, nne, nne, tano. Jumla 17. Kila silabi ni pigo moja, na zote ziwe na urefu ule ule. Tahadhari moja: katika kuongea kwetu mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibUni. Hapa ubonyeze silabi ya kwanza ya kila neno, ndiyo inayobeba kofi. Sema kwa sauti, ukitembea chumbani, hadi usifikiri tena. Wapo wanaohitaji jioni moja, wapo wanaohitaji wiki.

Kuna jambo litakushangaza ukitembea. Ukikanyaga kila baada ya silabi mbili, mzunguko wa kwanza utaanza na mguu chini, wa pili utaanza mguu ukiwa hewani, kwa sababu 17 haigawanyiki kwa mbili. Mguu na neno vitakutana tena baada ya mizunguko miwili, silabi 34. Usiogope kuhisi umepotea pale katikati. Shikilia maneno, mguu utarudi wenyewe.

Baada ya hapo weka Seven Teens na ujaribu kuyalaza maneno juu yake. Mgawanyo wa nne-nne-nne-tano ni mlango wangu tu. Ukiona mkazo wa bendi unaangukia mahali pengine, hamisha tutaonana iwe mwanzo, au kata kwa nane na tisa, hadi upate unaokaa. Ukishashika mzunguko, acha kuhesabu, msikilize Hancock. Mtu aliyezaliwa 1940 anaingia katika mapigo 17 na kuyavuta kama mpira, anachelewa, anarudi, hapotei. Mimi nilirudia kipande chake siku nzima ya Jumapili.

Hatua ya 6: Linganisha na nyimbo za zamani

Nyimbo mbili katika albamu si zake, na hizo ni zawadi kwa mwanafunzi kwa sababu unaweza kupima alichobadilisha.

Naima ni ya mpiga saksafoni John Coltrane, aliyeirekodi mwaka 1959 na kuipa jina la mkewe. Anza na ile ya Coltrane. Sikiliza besi inavyosimama mahali pamoja, inarudia sauti ileile kwa muda mrefu huku kodi za juu zikibadilika moja baada ya nyingine. Ni kama mtu aliyeketi barazani, mawingu yakipita juu yake. Hiyo sauti ya chini isiyohama upesi ndiyo siri ya huzuni ya wimbo. Ukishaijua, hamia Karibu, usikie Shorter na Loueke wamefanya nini na utulivu huo. Usitafute nani bora. Andika tu mambo matatu yaliyobadilika: kasi, sehemu ya besi, na nani anaanza kuimba wimbo.

Skylark ni ya mtunzi wa Marekani Hoagy Carmichael, ya miaka ya 1940. Umbo lake ni rahisi: sehemu ya kwanza, inarudiwa, sehemu ya kati iliyo tofauti, kisha ya kwanza inarudi. Jifunze kuuguna wimbo huo kutoka kwa mwimbaji yeyote wa zamani hadi uuweze bila msaada. Kisha ugune kimoyomoyo wakati Loueke anabuni. Wimbo wako utakwenda chini kwa chini na wake utakwenda juu. Utagundua hajauacha hata dakika moja; anazunguka nyumba ileile kwa njia za nyuma. Kwa wengi, hapa ndipo jazi inapofunguka.

Benny's Tune ni yake mwenyewe, na ilikuwa imeshapigwa kwenye albamu ya Terence Blanchard ya 2005 iitwayo Flow. Ukiwa na muda linganisha pia hizo mbili. Zala, Agbannon Blues na Nonvignon ziache kama pumziko. Zisikilize jioni bila kazi yoyote.

Hatua ya 7: Acha Light Dark iwe ya mwisho

Humu wote watano wamo, na ndiyo ngumu kuliko zote. Sitakupa hesabu yake. Kaa katikati ya spika mbili, funga macho, na kila nusu dakika jiulize: sasa hivi nani anaongoza, na nani anamjibu? Jibu likiwa "sijui", vema, endelea. Wapigaji hawa wanapokezana usukani bila kusimamisha gari. Ukiweza kutaja mabadiliko matatu ya uongozi, umeshaisikia kuliko nilivyoisikia mimi mwaka wa kwanza.

Hatua ya 8: Karatasi kwenye nyuzi

Sasa chukua gita. La nyuzi za nailoni ni bora, la chuma litafaa. Loueke anajulikana kwa kupachika karatasi kati ya nyuzi ili gita litoe sauti kavu, fupi, yenye mkwaruzo, kama kinanda cha vidole gumba. Mgogo wa Dodoma ataitambua mara moja: ni ilimba. Katika ilimba ule mkwaruzo hutoka kwenye utando wa buibui unaobandikwa juu ya tundu. Hapa unatoka kwenye karatasi.

Kata ukanda wa karatasi ya daftari wenye upana wa sentimita tatu, urefu wa kupita nyuzi zote sita. Ukunje mara moja kwa urefu. Uusuke: juu ya uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, chini ya wa tano, juu ya wa nne, hivyo hadi wa kwanza. Usogeze hadi karibu kabisa na daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Piga. Ukiuleta kuelekea tundu, sauti inakufa na kuwa ngoma. Ukiurudisha darajani, nota inasikika wazi na mkwaruzo unabaki kwa mbali. Kazi yako ni kupata kati ya hapo, na kila gita lina mahali pake. Karatasi ngumu kama ya boksi huzima mno. Ya gazeti hukwaruza vizuri lakini huchanika upesi.

Weka kando kile kipande cha plastiki cha kupigia, maana Loueke mwenyewe alikiacha akahamia vidole vitupu. Gumba lishike nyuzi tatu nene na lirudie nota mbili tu, bila kubadilika. Vidole vingine vipige makofi ya Hatua ya 3, yaani 1, 3, 5, 6, 8, 10, 12, kwenye uzi mmoja mwembamba. Gumba likae kwenye 1 na 7. Anza polepole hadi uone aibu. Vikishakaa, gita moja litasikika kama watu wawili, na hapo ongeza nota ya tatu, kisha ya nne.

Usinunue kwanza pedali yoyote, yaani kifaa cha kukanyaga cha kubadili sauti ya gita. Loueke anazitumia, lakini anazitumia mikono ikiwa imeshaiva.

Hatua ya 9: Imba unachopiga, kisha rekodi

Chagua nota tano tu. Piga moja, iimbe. Piga mbili, ziimbe kwa wakati uleule unaozipiga, si baada yake. Zoezi hili la sauti na uzi kwenda pamoja Benson alilifanya maarufu, na Loueke amelipeleka mbali. Faida yake ni kubwa: vidole hukimbilia mazoea, lakini pumzi ina mwisho, kwa hiyo sentensi zako zitaanza kuwa na nukta. Ukiishiwa pumzi, mkono nao unyamaze. Baadaye ongeza kidoko kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko, hapo penye kengele.

Sasa weka simu mezani mita moja kutoka kwenye gita, ielekee mahali shingo inapokutana na kisanduku, si kwenye tundu, ambako besi huvuma kupita kiasi. Zima feni. Pachika karatasi, anza gumba, leta wimbo mmoja unaoujua tangu utotoni, wa harusi au wa kubembelezea mtoto, uupige mara moja kama ulivyo. Mzunguko wa pili ubuni kwa zile nota tano ukiimba. Wa tatu rudi kwenye wimbo. Dakika tatu zinatosha. Andika tarehe kwenye jina la faili, uiache wiki mbili bila kuisikiliza, kisha irudie ukianza tena na zile karibuni tatu na tutaonana moja chini ya wimbo uleule, uone gumba litakwenda wapi.